Mara Saba Nililala Sakafuni

Kabla ya mwaka ule kazi yangu ilikuwa mafaili tu. Mimi ni karani wa masjala katika chuo kimoja nje kidogo ya mji wa Dodoma, na kwa miaka mingi wanafunzi wamenijua kupitia dirisha langu dogo lenye nondo, wanakokuja kuulizia vyeti na barua zao. Wananiita mama masjala. Sikuwahi kufikiri kwamba ipo siku mshauri wa wanafunzi angepiga hodi ofisini kwangu na kuniuliza kama naweza kulala chini nikajifanya mtu anayekata roho.

“Nilale chini wapi?” nilimuuliza.

“Popote tutakapokwambia, mama. Tutaanza kwenye korido ya bwalo.”

Sababu kila mtu aliijua, ingawa haikuwa ikitajwa. Muhula uliotangulia kijana wa mwaka wa tatu alifia chumbani kwake hosteli. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Wenzake wawili walimwacha amelala, anakoroma mkoromo mzito wenye maji ndani yake. Walicheka kidogo, wakamfunika shuka, wakafunga mlango taratibu ili apumzike, wakaenda kanisani. Waliporudi alikuwa ameshapoa. Wengine walisema ni unga wa kulevya, wengine vidonge. Mimi ndiye niliyefunga faili lake. Picha yake ya pasipoti ilikuwa na tai iliyopinda. Nilikaa na lile faili mezani nikijiuliza jambo moja tu: wale wenzake wawili, vijana wema waliomfunika shuka, walipaswa kujua nini ambacho hawakukijua?

Uongozi uliamua kwamba watu wafundishwe: walinzi, wapishi, wahudumu wa maktaba, viongozi wa hosteli, sisi wa maofisini. Zahanati ya chuo ililetewa naloksoni, dawa ya sindano inayomzindua mtu aliyezidiwa na unga au na vidonge vikali vya maumivu. Lakini dawa iliyoko kabatini haimfikii yenyewe mtu aliyeanguka kiwanjani, ndipo likaja wazo la majaribio. Watu wangeambiwa tu kwamba wiki fulani kuna zoezi. Saa na mahali wasiambiwe. Mtu alale, tuone wenzake watafanya nini.

Waliombwa kwanza wanafunzi. Hakuna aliyekubali. Binti mmoja alisema wazi kwenye kikao, “Nikilala pale leo, mpaka namaliza chuo nitaitwa teja.” Ndipo waliponifikiria mimi, mjane wa miaka hamsini na miwili, mtu wa Kondoa, ninayevaa sweta juu ya kitenge hata jua likiwaka. Nani angeniita mimi teja?

Aliyetufundisha hakuwa daktari. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mzaliwa wa mjini, mtoto wa familia ya zamani ya wafanyabiashara wa vitambaa. Alikuwa ametumia unga zaidi ya miaka kumi, na mara moja alizidiwa nao akakaribia kufa. Sasa kila asubuhi hupitia kliniki akanywa methadoni yake, ile dawa ya kumshikilia asirudi kwenye unga, kisha huenda kufundisha. Alimwamkia shikamoo kila aliyemzidi umri, hata mlinzi wetu mkuu wa getini, mzee wa Kigogo aliyehamia mjini kutoka upande wa Chemba, ambaye siku ya kwanza alichelewa kuitika. Nadhani hakuwa amewahi kuamkiwa na mtu wa namna ile.

Jaribio la kwanza lilikuwa saa nne asubuhi. Nilijilaza kwenye korido, kiatu kimoja kimenivuka, macho nimeyafumba. Sakafu ilikuwa baridi na ilinuka nta. Mwalimu alikuwa amenifundisha kupumua kidogo kidogo kwa pua, kifua kisionekane kupanda. Hapo ndipo udadisi wangu ulipoamka, kwa sababu ukifumba macho katikati ya watu wanaodhani hupo, unasikia mambo ambayo hukuwahi kuambiwa.

Nilisikia ndala zikija, zikasimama.

“Jamani, si mama masjala huyu?”

“Presha hiyo. Watu wa maofisini wote wana presha.”

“Msimguse! Ukimgusa utakwenda kuandika maelezo polisi.”

“Leteni maziwa. Maziwa yanakata sumu.”

Mtu akanimwagia maji usoni, yakaniingia sikioni. Mwanamke mmoja, ninamjua kwa sauti, akaanza kukemea mapepo. Mwingine akataka ninusishwe kitunguu. Simu ikalia ule mlio wa kupiga picha. Kisha nikasikia buti za mzee wa getini na sauti yake nzito: “Nani alikuwa naye mara ya mwisho?” Nadhani wengine waliondoka hapo hapo, maana nilisikia ndala zikipungua.

Filimbi ya mwalimu ilipolia, saa yake ilisema zimepita dakika kumi na moja. Katika dakika zote hizo hakuna aliyeweka mkono karibu na pua yangu.

Maziwa yalifika kweli, kikombe kizima, nami niliyanywa mezani bwaloni watu wakicheka. Mwalimu hakucheka. Alieleza kwamba mtu aliyezimia ukimnywesha maziwa yanakwenda mapafuni, na hapo umemuua wewe. Mpishi aliyeyaleta akanitazama kama ananiomba radhi.

Baadaye nilibaki na mwalimu kwenye benchi nje ya zahanati. Nilikuwa na maswali mengi kuliko nilivyotarajia.

“Mwanangu,” nikamwambia, “watu kama ishirini walinizunguka. Walizungumza juu yangu, lakini hakuna aliyezungumza na mimi. Wewe ulipozidiwa, ulikuwa unasikia?”

Akafikiri. “Mimi sikusikia kitu, mama. Nilikuwa nimekaa ukutani na wenzangu wawili, halafu nikawa kitandani hospitali. Katikati hapana kitu kabisa, hata giza. Wengine wanasema wanasikia kwa mbali. Siwezi kukuapia.”

“Nani alikupeleka hospitali?”

“Mmoja wao. Muuguzi aliniambia kijana alinibeba mgongoni, akaniweka getini, akagonga, akakimbia. Aliogopa polisi. Mpaka leo sijui ni yupi kati ya wale wawili. Nilipotoka niliwatafuta niwaulize. Wote walikuwa wameshafariki.”

Alisema hivyo bila kujihurumia. Nikamuuliza kama amewahi kukisia. Akasema kuna siku anadhani ni huyu, kuna siku anadhani ni yule.

Tuliendelea. Jaribio la pili lilikuwa nyuma ya jiko, la tatu chooni kwa wahudumu, ambako nilikaa nimeegemea ndoo mpaka mguu ukafa ganzi. Kila baada ya zoezi niliulizwa nimesikia nini, na nikawa kama shahidi. Nilisema: mara hii wamenitikisa bega lakini hawakuangalia kucha. Mara hii mmoja alikimbilia zahanati, akakuta imefungwa, tabibu yuko mjini kwenye semina, ufunguo uko mfukoni mwake. Kutokana na jambo hilo zahanati na kabati la dharura vikatolewa funguo za pili, zikakaa getini.

Kuhusu kucha, hilo lilinivutia sana. Kitabu cha mafunzo kilisema midomo inageuka buluu. Mpishi akauliza, “Midomo ya nani? Yangu hii itageukaje buluu?” Mwalimu akafurahi kuulizwa. Akasema kwa watu weusi tazama ndani ya mdomo wa chini na kwenye kucha, panakuwa kama majivu. Tazama na mboni za macho, zinakuwa ndogo kama ncha ya kalamu. Na ule mkoromo wenye maji si usingizi, ni mtu anayeshindwa kuvuta hewa. Aliposema hilo, kijana mmoja upande wa nyuma alisimama akatoka nje. Nilimtambua. Alikuwa mmoja wa wale wawili wa shuka. Nilimfuata, nikamkuta ameshika bomba la kumwagilia bustani, halitoi maji.

“Tulimfunga mlango, mama,” akasema.

“Hamkujua.”

“Mimi niliona kinakoroma vibaya kifua chake. Niliona.”

Nilisimama naye mpaka alipoachia lile bomba, tukarudi ndani. Wiki iliyofuata aliomba awe kiongozi wa zoezi katika hosteli yao.

Tatizo kubwa halikuwa mikono. Lilikuwa ile hofu niliyoisikia siku ya kwanza, ya kuandika maelezo polisi. Mshauri wa wanafunzi alipendekeza chuo kiandike kwamba mwanafunzi anayeita msaada kwa ajili ya mwenzake hataadhibiwa, wala yule aliyezidiwa hatafukuzwa kwa sababu ya kusaidiwa. Makamu mkuu wa chuo hakukubali. Si mtu mbaya. Ana watoto wanne na anasali kwa bidii.

“Tutakuwa tumehalalisha,” alisema kikaoni. “Mzazi ataniuliza, mwanangu nimemleta kusoma, ninyi mmemwandalia sindano?”

Mzee wa getini akanyoosha mkono. Kiswahili chake ni cha polepole, kila neno analiweka chini kwanza kabla ya kuchukua lingine.

“Mimi nimefuga ng'ombe,” akasema. “Ndama akizaliwa hapumui, tunamning'iniza miguu ya nyuma, tunafuta pua, tunampulizia. Hakuna anayesimama kwanza kuuliza mama yake alikula majani ya shamba la nani. Hayo yapo, tutayazungumza jioni.”

Makamu alitabasamu lakini hakubadilika siku ile. Alisema atalifikiria. Yalipita majuma matatu ndipo barua ya kukubali ikatoka, imeandikwa kwa lugha ya kuzungukazunguka, na ndani yake neno “kwa sasa” limetajwa mara mbili. Niliipiga mhuri mwenyewe na kuibandika kwenye mbao zote za matangazo.

Jaribio la saba, la mwisho, lilikuwa kwenye hosteli ya wasichana. Nililala kwenye ngazi za chini. Sikuhesabu hata dakika mbili, nikahisi mtu anapiga magoti. Akaniita kwa sauti, akanisugua mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole mpaka machozi yakataka kunitoka, akaleta shavu lake karibu na pua yangu. “Mama,” akasema, “nipo hapa. Nimewaita watu. Siendi popote.” Kisha akanigeuza ubavu, akaukunja mguu wangu wa juu nisibiringike. Wengine walikuwa wanakimbilia getini kwa ufunguo, nasikia miguu yao. Nilibaki na alama kifuani siku nne, na kila nilipoiona kwenye kioo nilijisikia vizuri.

Basi nilidhani naijua kazi ile.

Ilikuwa wiki ya mitihani, saa nane mchana. Nilikuwa nimepeleka barua maktaba. Msichana wa mwaka wa kwanza alitokea nyuma ya rafu za mwisho, zile za magazeti ya zamani, akamwambia mkutubi kwa sauti ya chini, kwa kuwa ni maktaba, kwamba kuna mtu pale halali vizuri. Tulikwenda. Kijana wa mwaka wa pili alikuwa ameketi sakafuni, kidevu kimeangukia kifuani, madesa yake, zile nakala za kusomea, yametawanyika. Nikausikia ule mkoromo. Kwa masikio yangu mwenyewe, mara ya kwanza, na nikajua moja kwa moja ni ule.

Nikasimama.

Ninataka kulisema hili kama lilivyokuwa. Mimi niliyehudhuria mafunzo yote, niliyelala mara saba, sikuweza kuinua mkono. Niligundua pale pale kwamba katika mazoezi yote nilikuwa chini. Mikono yangu haikuwahi kufanya lolote. Nilijua mgonjwa anavyosikia. Mwokoaji anavyofanya sikujua. Mkutubi ndiye aliyemlaza na kumsugua kifua, yule msichana akapiga simu getini. Mkoromo ukakatika. Mkutubi akainua kidevu cha kijana, akaziba pua, akampulizia, akahesabu, akampulizia tena.

Mzee wa getini aliingia na begi la dharura kutoka zahanati, tabibu nyuma yake anahema. Mzee akanitazama nilivyosimama, akanipa kazi bila kunilaumu: “Mama, tazama saa ya ukutani. Sindano ikiingia, utwambie dakika.”

Tabibu akavunja kichupa, akavuta dawa, akachoma paja juu ya suruali. Nikatazama ile saa kama sijawahi kuona saa. “Moja,” nikasema. Mkutubi anapulizia. “Mbili.” Nikapiga magoti upande wa kichwa, macho yangu yakiwa bado ukutani, nikamwambia kijana kwamba tupo naye, kwamba ni mchana, kwamba yuko maktaba. Sijui kama alisikia. Kabla sijasema tatu, akavuta pumzi moja yenye kelele, akafumbua macho, na neno lake la kwanza lilikuwa tusi.

“Mnanifanya nini? Niacheni!”

Mwalimu alikuwa ametuambia. Mtu akizinduliwa ghafla huamka na arosto, mwili unamuuma na hana shukrani, msimjibu. Hatukumjibu. Tabibu alimwambia tu jina lake yeye tabibu na kwamba wanakwenda hospitali. Nilipanda nao kwenye gari la chuo, nimeshika viatu vya yule kijana. Kabla ya kufika mjini kichwa chake kikaanza kulegea tena, kwa kuwa dawa ile huisha nguvu mapema kuliko ile aliyoitumia, na tabibu akamchoma ya pili. Nilishangaa jinsi jambo nililolisikia darasani kama sentensi moja lilivyokuwa refu ndani ya gari, njia nzima ninatazama kifua kikipanda na kushuka.

Alinusurika. Chuoni kulikuwa na kikao kirefu, wapo waliotaka afukuzwe, na ile barua yenye “kwa sasa” mbili ikasomwa kwa sauti. Makamu, aliyeiandika bila kupenda, ndiye aliyesema imeandikwa na lazima ifuatwe. Kijana akapewa likizo ya ugonjwa ya muhula mmoja.

Alirudi wakati zabibu za Hombolo zinauzwa kwenye ndoo pale stendi, akaja dirishani kwangu kuchukua barua ya kurejea masomoni. Alikuwa amenenepa kidogo. Aliniamkia, nikaitika, akabaki amesimama.

“Mama, nasikia ulikuwepo.”

Nilifungua mlango, nikamkaribisha ndani, jambo ambalo haturuhusiwi. Aliniambia alianza na tramado likizo moja alipokuwa kibarua kwenye ujenzi kule Msalato, anabeba saruji. Mwenzake alimpa kidonge kimoja cha maumivu ya mgongo. Kikawa viwili. Siku ile ya maktaba alichanganya na vingine ambavyo hata majina yake hakuyajua, ili atulie asome. Alisimulia kama mtu anayeeleza njia aliyopotea, kona kwa kona. Sasa anakwenda kliniki na kuna siku nzuri na siku mbaya.

Kisha akaanza kuniuliza. Alikuwa anaonekanaje? Alisema nini? Nikamwambia alitukana. Akajifunika uso. Nani alimpulizia? Nikamwambia mkutubi. Alitaka kujua kila kitu cha zile dakika ambazo yeye hana, nami nilimwelewa kabisa.

“Na yule dada aliyeniona,” akauliza mwishoni, “kule nyuma hakuna anayekwenda. Ndiyo maana nilikaa kule. Alikuwa anatafuta kitabu gani?”

Sikujua. Sikuwa nimewahi kujiuliza. Tukatazamana, nikafunga masjala kabla ya wakati, tukavuka uwanja kwenda maktaba. Msichana tulimkuta meza ya dirishani, amezungukwa na madaftari. Alipomwona kijana akasimama haraka hata kiti kikaanguka. Hawakujua washikane mikono au vipi. Kijana akamuuliza lile swali.

Msichana akaona aibu, akamtazama mkutubi kwanza asije akasikia.

“Sikuwa natafuta kitabu,” akasema. “Simu ilikuwa imeisha chaji. Soketi inayofanya kazi humu ndani ni moja tu, na iko kule nyuma.”

Kijana aliinama akakiinua kile kiti, akacheka mpaka mkutubi akatunyamazisha sote watatu.